Picha Tisa za Mjomba

Safu ya chini ya picha, binti aliipaka rangi ya mafuta. Akaiacha ikauke juu juu tu, kisha akachukua rangi ya maji na kuanza kuipaka hapohapo. Mtu yeyote wa kazi hii angemshika mkono na kumuuliza kama ana wazimu. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Itakaa wiki mbili ikikuchekea, halafu inabanduka.

Alijua vizuri sana. Alikuwa ameshajaribu kwenye kibao kidogo, akakiweka dirishani kwenye jua. Siku ya kumi na tano rangi yote ilikuwa chini kama maganda ya vitunguu, naye akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Kwa miaka kumi na moja yeye ndiye aliyekuwa mikono ya mjomba wake. Mzee ndiye aliyemfundisha kuchora kwa mkaa, tena akamfundisha kwamba mstari usiofanana na kitu chochote ndio mgumu kuliko yote. Kisha mikono ya mzee ikaanza kutetemeka. Ikawa mpwa anachora, mjomba anatia sahihi. Kila asubuhi mistari mia kwenye karatasi, ndipo aguse turubai la kuchorea. Na sifa? Zote za Mjomba.

Hilo angelimeza. Lakini kwenye maonyesho ya mwaka jana, mbele ya wageni, mama mmoja aliuliza, "Na huyu binti ni nani?"

"Huyu?" Mjomba akajibu chapuchapu. "Huyu ananioshea brashi."

Brashi! Jamani! Tangu siku hiyo, akisikia tu kikohozi cha mzee mlangoni, damu inamchemka. Safari hii aliapa kumkomesha. Picha tisa za maonyesho ya mwaka huu, zote zikiwa na ugonjwa uleule ndani, na zibanduke mbele ya macho ya watu.

Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alisimama mbele ya picha ya tisa, mistari ya bluu iliyopishana bila kugusana. Aliitazama mpaka chai aliyoingia nayo ikapoa. "Hii imenimaliza," akasema.

"Si ni mkono wako huo, Mjomba," akamjibu kwa sauti ya asali. "Haya, tia sahihi basi."

"Sahihi ngoja kwanza. Halafu siku ya ufunguzi usinijie na hayo manguo ya rangi. Vaa upendeze."

Ahaa, akawaza, sasa anataka mbeba trei nadhifu. Siku hiyo alimalizia miguso ya mwisho haraka kuliko siku zote.

Wiki mbili baadaye, siku ya ufunguzi, ukumbi ulijaa pomoni. Wanunuzi walikuwepo, waandishi walikuwepo, na taa kali zilikuwa zimewashwa tangu asubuhi, zikiziunguza picha. Alipita ukutani taratibu, akijifanya mgeni. Picha ya tatu, kwenye pembe ya juu, rangi ilikuwa imeanza kuinuka. Ya sita ilikuwa na ufa. Roho yake ikasuuzika. Nusu saa tu, mzee wangu, nusu saa tu utaniambia nani muosha brashi.

Mjomba akashika kipaza sauti, akamwita aje asimame karibu yake. Akaenda mbio, maana alitaka kuiona kwa macho yake mwenyewe ile sura ya mzee ikisawijika.

"Ndugu zangu," mzee akasema, na sauti nayo ilikuwa ikitetemeka, "miaka kumi na moja nimekula jasho la mtoto wa dada yangu. Naona haya. Mimi sijachora hata mstari mmoja."

Akavuta kitambaa kilichofunika ubao wa jina la msanii. Jina lilikuwa moja tu, la binti aliyesimama pembeni yake, kwa herufi kubwa kama mlango.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na watu wote wakageuka kuzitazama picha zake.