Taa ya Kushoto

Kifuniko cha taa ya nyuma kilikuwa kimeyeyuka tena, upande uleule wa kushoto, kikaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Dereva alishika kiuno, akamgeukia fundi umeme kwa jicho la mtu aliyekamata mwizi wa kuku.

"Hongera," alisema. "Mara ya tatu hii. Wenzako wanatengeneza taa, wewe unazipika."

Fundi alichuchumaa, akafungua begi lake.

Lori lenyewe lilikuwa zee na halikuficha. Lilikohoa asubuhi, likavuja mchana, lakini ndilo lililoilisha nyumba. Leo jioni lilitakiwa kufika ghala la saruji, lipakie, kisha lishuke mteremko wa milimani usiku kucha. Mlinzi wa geti la ghala hana utani: taa moja ikiwa mbovu, lori haliingii. Safari mbili zilikuwa zimeshakwenda kwa dereva mwingine kwa sababu ya taa hiihii. Na mwenye mzigo alikuwa amesema, kwa upole wa kutisha, kwamba leo pia likikosekana, asijisumbue kurudi tena.

Barazani, hatua mbili kutoka kwenye ile taa, mkewe alikuwa kwenye meza ya kupigia pasi na shati la safari. Hiyo ilikuwa desturi ya nyumba: baba haondoki bila shati lililonyooshwa. Pasi ya makaa ilitoa cheche, na mwenyewe akatoa za kwake.

"Leo pia unashinda nyumbani, baba watoto? Afadhali. Kile kiti kilishaanza kukuulizia."

"Leo naondoka, mama watoto."

"Ondoka basi, nani kakushika? Nimechoka kulisha lijitu zima mchana kutwa."

"Unamsikia?" dereva alimwambia fundi. "Huyu angeweza kulisukuma lori kwa mikono yake mwenyewe, mradi tu niende."

Kusema kweli, mke alikuwa na haki ya kumchoka. Safari ya mwisho mume alirudi bila kioo cha pembeni, bampa limepinda, na maelezo kwamba mtaro uliingia barabarani. Alilala? Hata kidogo! Dereva mzoefu halali, anapumzisha macho tu. Shemeji yake, kaka wa huyu mke, naye alikuwa mzoefu. Alipumzisha macho kwenye mteremko huohuo, akazikwa vizuri sana.

"Balbu nilikubadilishia," fundi alianza kuhesabu makosa ambayo hakuyafanya. "Soketi nilisafisha. Waya wa bodi nimeukwangua kutu mpaka unang'aa." Aliwasha taa, akaiacha iwake huku akinywa maji ya kopo zima, kisha akaigusa kwa nyuma. "Shika mwenyewe. Hata chai ya jana ina joto kuliko hii."

"Sasa imeyeyushwa na nini? Na macho ya watu?"

Fundi aligeuzageuza kile kifuniko kilichoharibika. "Ndani kisafi. Hapajaungua popote. Joto hili limetoka nje."

"Bomba la moshi."

"Bomba liko upande wa kulia."

"Basi ni jua."

"Jua gani linayeyusha taa moja na kumwacha mwenzake?"

"Jua lenye akili," dereva alisema. "Linajua wa kumwonea."

Mke alisafisha koo kule barazani. "Lakini nasikia vifuniko vya malori ya zama za kale vimekwisha mjini kote. Si ndivyo, fundi?"

"Vimekwisha kabisa, shemeji," fundi alisema, akazamisha mkono ndani ya begi. "Ila hiki kimoja. Nimekifungua jana kwenye lori lililokufa."

Pasi ilisimama hewani.

"Umeona?" Dereva aliruka kama mtoto aliyepewa pipi. "Mama watoto, umeona? Mungu si wako peke yako! Cheka basi."

"Nimefurahi," mke alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Nimefurahi sana."

Fundi alikaza skrubu. Akawasha. Taa zote mbili ziliwaka, nyekundu, safi, hakuna wa kuzidharau. Akapanga vifaa vyake, akaenda zake akiwa ameinua kichwa, na dereva akaingia kuoga huku akiimba wimbo ambao hakuwahi kujua maneno yake.

Alitoka na taulo kiunoni, funguo za lori tayari mkononi.

"Shati!"

"Bado."

"Bado? Tangu alfajiri unapiga pasi shati moja! Hili ni shati au hema?"

Mke alikuwa amesimama kati yake na meza. Dereva alinyoosha mkono, akalivuta shati. Yeye akalishikilia upande wa pili, akalishikilia kwa nguvu zote, macho yamemjaa maji.

"Wee mwanamke, nachelewa!"

Lilimtoka mkononi. Dereva alilikunjua mbele ya kifua chake, akalitazama. Lilikuwa na mikunjo yake yote, na alama za vibanio vya kamba bado ziko mabegani. Mezani pasi ilikuwa ya moto bado, na kwenye ncha yake palikuwa pamenata tone jekundu la plastiki.