Picha Ilipotulia

Skrini ya laptop ilipasuka Apiyo alipoiangukia akitoroka ghasia za baada ya uchaguzi kwa mlango wa nyuma. Mumewe alikuwa ameiweka dirishani irekodi, kisha akampa akimbie nayo. Yeye mwenyewe hakutoka.

Miaka minne Apiyo hakuwa na moyo wa kuitazama. Sasa wapelelezi walitaka ushahidi, naye akarudi Eldoret, kwa fundi wa kompyuta wa West Indies, mtaa walimokuwa wakiishi.

Fundi aliiunganisha na skrini kubwa. Picha ikatetemeka, ikajaa mistari ya kijani.

"Ni waya tu, Mama."

Akabadilisha waya. Mistari ikabaki. Akabadilisha mipangilio ya skrini, na picha ikatulia.

Vijana wenye mapanga walikuwa wamesimama njiani, hawajui waanzie nyumba gani. Mwanamke mwenye kitambaa cha manjano kichwani akaja akawaonyesha mlango wa kina Apiyo kwa kidole. Apiyo alimfahamu. Ndiye aliyekuwa akiwaletea maziwa kila asubuhi.

Fundi alisimamisha video.

"Huyo ni mamangu," alisema. "Tulimzika Jumamosi."

Apiyo aliendelea kukitazama kile kidole.