Idara ya Rangi

Shangazi alikuwa anachapa kwa kasi ya ajabu, macho yameganda kwenye kioo, ilhali kompyuta yake haikuwa imewashwa.

"Polepole, Shangazi," msanifu alimwambia. "Hakuna anayechapa hivyo."

"Niache. Si ulisema nionekane nina kazi?"

Msanifu alimwacha. Alikuwa amechoka hata kubisha. Alipita meza baada ya meza, akimnyoosha huyu kola, akimgeuzia yule kiti. Wifi yake, dada wa mumewe, alishika simu isiyo na mtu upande wa pili. Binamu zake wawili walisimama mbele ya ubao wa michoro, wakibishana chinichini kuhusu mpira. Mama mkwe alivishwa vipokea sauti masikioni na kuombwa asiongee na mtu yeyote, ombi lililomuuma sana.

Zamani viti vyote hivyo vilikuwa na wenyewe. Kampuni ilianzia sebuleni kwa mama yake, yeye na kaka yake wakipokezana kompyuta moja, wakichora nembo za maduka ya jirani. Baadaye zikaja tovuti, zikaja programu za simu, ikaja ofisi ya ghorofani na wafanyakazi wenye vipaji. Kisha kampuni kubwa ikawachota wale wafanyakazi mmoja mmoja. Kaka akahamia ng'ambo kwa mkewe. Wateja nao wakapungua kimyakimya. Siku hizi mchoraji ni yeye, mwandishi ni yeye, mpokea simu ni yeye, na akimaliza kujibu wateja anashika ufagio.

Ndipo mkurugenzi wa kampuni ya malori alipopiga simu. Alitaka nembo, tovuti, na programu ya kumwonyesha mteja mzigo wake umefika wapi. Alikuwa na sharti moja tu: "Nije niione timu yako. Mimi sifanyi kazi na kampuni za mfukoni."

Sasa alikuwa mlangoni, mzee mnene mwenye suti nyeusi. Nyuma yake walisimama mwanasheria wake, ambaye mikono ya koti ilimfika vidoleni, na mhasibu wake, mama mmoja aliyeukumbatia mkoba kama anayeogopa kuporwa.

Msanifu aliwatembeza. Alieleza historia ya kampuni na huduma zake kwa maneno aliyoyarudia mara nyingi mpaka yakapoteza ladha. Mkurugenzi alisimama ghafla kwenye meza ya Shangazi.

"Na wewe, mama, unashughulikia nini hapa?"

Msanifu alifungua mdomo amjibie, akachelewa.

"Mimi niko idara ya rangi," Shangazi alijibu bila kuinua kichwa.

"Rangi zipi?"

"Zote, baba. Hapa hatubagui."

Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mwanasheria naye akaitikia. Mhasibu alikuwa anaangalia dari.

Walipokaa mezani, msanifu alifungua ramani aliyoichora kwa ajili yao. "Hapa mteja ataona malori yenu yote yakitembea. Niweke mangapi kwenye mfano?"

Wageni walitazamana.

"Weka moja tu," mkurugenzi alisema. "Mengi yatamchanganya mtu."

"Na picha za malori? Tutazihitaji kwenye tovuti."

"Zitakuja. Unajua tena, yametawanyika, liko hili huku, liko lile kule."

Msanifu aliandika hivyo kwenye daftari lake. Mkurugenzi alitazama tena ofisi iliyojaa, akashusha pumzi ndefu, akampa mkono. "Tumeridhika, mama. Kazi ni yako."

Mlango ulipofungwa, binamu walikumbatiana. Wifi alipiga kigelegele ndani ya ile simu. Msanifu peke yake hakufurahi. Alitazama ndugu zake, wema wote, waliojifunza uongo asubuhi hiyo kwa ajili yake, akahisi hana nguvu ya kuubeba uongo huo hata mpaka kesho. Yule mzee alikuwa amemwamini.

"Unakwenda wapi?" Mama mkwe aliuliza.

"Kumwambia ukweli."

"Umerukwa na akili wewe?"

Alikuwa ameshatoka. Alishuka ngazi mbilimbili, akitafuta maneno ya kuanzia, akijua kwamba baada ya hapo angefunga ofisi na kwenda kulala. Kwenye kona ya ghorofa ya kwanza akasikia sauti zao chini yake, akasita.

"Baba mkwe," mwanasheria alikuwa anauliza, "sasa naweza kuvua hii tai? Nimeacha kibanda changu cha kunyolea kimefungwa, wateja watakuwa wameshaondoka."

"Vumilia mpaka tufike barabarani, mwanangu," mkurugenzi alimjibu kwa kunong'ona. "Umeona walivyo wengi kule juu? Wakijua kampuni nzima ni mimi na huyu mama mkwe wako, watatukimbia."