Mfuko wa Kitenge

Mtaalamu wa kutambua maiti, Mkongo aliyetoka Ubelgiji, alimwekea fundi Kissa picha juu ya rundo la jinzi karakanani Xintang, Guangzhou, China. Ilikuwa suruali yenye lebo ya karakana hiyo, ya maiti asiye na jina, aliyeopolewa baharini. Ndani ya kiuno ulionekana mfuko wa kitenge.

"Dada, nisaidie. Kwenye mkutano wetu wa mwaka, wataalamu wa Ulaya nzima wataniuliza. Mlishona ngapi za hivi?"

Moja tu. Kissa aliushona mfuko huo mwenyewe kwa mkono, mdogo wake afichie pasipoti. Mshono ulipinda pale sindano ilipomchoma. Kule nyumbani Tukuyu, mama yao bado humfulia mwanawe shuka akimngoja.

"Nyingi," alijibu. "Kontena zima."

Mtaalamu akaandika, akafunga daftari.

"Huyo mtu," Kissa akauliza, "mlimzika wapi?"