Kichupa cha Majogoo

Siku Majogoo alipofariki, aproni yake ya machinjio ya kuku ilikuwa bado imelowekwa kwenye ndoo. Mafua ya ndege yalimmaliza kwa siku sita, wiki tano tu baada ya kuchomwa sindano ya majaribio ya chanjo ya ugonjwa huo huo.

Kuku walipoanza kufa, yeye alitaka kubaki nyumbani. Mkewe ndiye aliyemcheka: "Mwanaume mzima unaogopa kuku, na umeshachanjwa? Nenda kazini, bwana!"

Sasa mke huyo alikuwa kliniki, na muuguzi alimwekea kiganjani kichupa chenye majimaji yaliyochujwa kutoka damu ya marehemu, yaliyoganda kama barafu.

"Dada, damu hii tuliichukua kabla hajaugua. Tukiipima tutajua kama mwili wake ulijenga kinga. Wengine walichomwa maji ya chumvi tu, na hata sisi hatukujua ni akina nani. Ukikataa, tunaiteketeza. Ni haki yako."

"Na mkipima, mtaniambia?"

"Ukitaka."

Alifumba kiganja. Baridi ilimwingia mpaka kwenye mifupa, lakini hakulegeza. Akilini alimsikia tena Majogoo, asubuhi ile, akinung'unika mlangoni huku akivaa mabuti: "Haya, mama watoto, umeshinda."

"Dada, usikishike hivyo. Majimaji yakiyeyuka hayagandishwi tena. Yapimwe leo leo, au yamwagwe."

Alifumbua vidole. Majimaji yalishaanza kucheza ndani, ya manjano kama mafuta ya kupikia.

"Pimeni," alisema. "Nasubiri hapa hapa."

Kipimo kinachukua saa nne.