Boliti ya Oili

Oili chafu ilikuwa imekwisha kumwagika kwenye karai nilipoona viatu vya shemeji yangu, Valence, kando ya pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu.

"Ukoo umekaa, shemeji. Gari la kaka linarudi Peramiho. Lete ufunguo."

"Mitumba yangu nitabebea nini? Watoto watakula nini?"

"Ugali, kama wenzao."

Nilitambaa nikatoka uvunguni. Boliti ya kuzibia oili ilikuwa kiganjani mwangu, bado ya moto. Galoni ya oili mpya ilikuwa jikoni, haijafunguliwa. Bila oili, injini ingekufa kabla hajaiacha Songea nyuma.

Nilimpa ufunguo. Aliingia, akakisukuma nyuma kiti changu.

"Umeshamaliza kulihudumia?"

"Nimemaliza," nilisema, nikafumba kiganja.