Kilima cha Elinami

Mama alipoona jina la mwanawe limeandikwa juu ya kilima, aliliachia jora la kitambaa alilokuwa akilipigania bei.

Ramani ilikuwa imetandazwa kwenye meza ya duka, pale Zhongda, soko la vitambaa la ng'ambo alikofuata bidhaa. Elinami, anayesomea miamba chuoni huko huko, alikuwa amekuja kumuaga. Kesho yeye na wenzake wanapanda treni kwenda jangwani kupima safu fupi ya milima, iliyochorwa kama mshono uliofumuka.

"Vilima vingine havina majina, mama. Mwalimu kasema kila mmoja wetu achague chake. Hiki changu!"

"Futa."

"Ah, mama! Wenzako wangepiga vigelegele."

"Kwetu kuna Kilima cha Mjomba wako. Unadhani alikinunua? Alipanda kutafuta ng'ombe, tukamwita hadi sauti zikakauka. Kilima kikabaki na jina, sisi tukabaki bila mtu. Kilima hakipewi jina la mtu ambaye bado anakula ugali, mwanangu. Futa!"

Elinami akacheka, akaanza kuikunja ramani. Mwenye duka, asiyejua lugha yao, naye akacheka, bila kujua kinachochekwa.

Mama akamshika mwanawe mkono. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akalisugua lile jina kwa nguvu, kama anavyosugua kitambaa kujua kama kinachuja.

Wino ukachuja. Ukafuata kidole chake kutoka kilima hadi kilima, na alipokiinua, safu yote ilikuwa buluu kwa jina la mwanawe.